Saini Niliyowanyima Watu wa Kwa Ndolo

Wengi wenu mnanijua kama Madam Msumari. Wachache wanajua kwamba jina hilo lilianza kama tusi. Lilibuniwa soko la Masii, na waliolibuni hawakuwa na nia ya kunifurahisha. Jina langu hasa ni Ndinda.

Ninyi mliohitimu juzi na mnaingia kazi ya kukagua miradi ya serikali mmeniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo. Maneno hayo sina. Niko na visa vya kazi, na vingi nilivipata kwa kukosea. Someni. Mkikasirika njiani, sawa, kasirikeni, maana saiti, pale panapojengwa, inahitaji watu wenye hasira kidogo.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Serikali ikitoa pesa za kujenga kitu cha watu wote, iwe darasa, zahanati, kalvati ya barabara au bwawa la mchanga, lazima mtu aende akaangalie kama kilichojengwa ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi. Mtu huyo asiposaini, kontrakta halipwi. Mimi nilikuwa mtu huyo kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza chini ya wizara, baadaye chini ya kaunti, kutoka Mwala hadi Masinga. Nilianza kazi nikidhani nimeajiriwa kusaini. Ilinichukua muda kujua kwamba nimeajiriwa kwa ajili ya zile siku chache ambazo singesaini.

Nianze na aibu yangu, ili mtu asije akawasimulia vibaya.

Nilikuwa mgeni kazini, sina hata miaka miwili, nilipotumwa kukagua kalvati moja, mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara ya kwenda Mwala. Nilipofika, mabomba yalikuwa yameshafukiwa. Kontrakta alikuwa mtu wa kucheka sana. Akaniambia kwamba chini ya yale mabomba amelaza kitanda cha zege, kama karatasi inavyosema. Nikainama, nikaona midomo ya mabomba imekaa sawasawa, kuta za pembeni zimepakwa chokaa, kila kitu kinapendeza. Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimevaa viatu vipya. Nikasaini juu ya boneti ya gari lake.

Wiki chache baadaye mlango wa ofisi ulifunguliwa na mwanamume aliyebeba gurudumu la mkokoteni begani. Aliitwa Nzioka, na alikuwa akiuza maji kwa mkokoteni wa punda. Ile kalvati ilikuwa imezama chini yake na mitungi yake yote. Akaliweka lile gurudumu lililovunjika juu ya meza yangu, juu ya makaratasi.

"Hii ni yako, madam," akasema.

"Yangu vipi?"

"Niliuliza ni nani alisema kalvati iko sawa. Wakaniambia ni wewe. Nimekuletea."

Nikauliza, "Na punda?"

"Punda ni mzima. Punda hakusaini kitu."

Ofisi nzima ilicheka kwa wiki moja. Nilimtafutia Nzioka gurudumu lingine kutoka mfukoni mwangu, na tulipofukua ile kalvati tukakuta mabomba yamelala juu ya udongo mtupu, bila hata karai moja ya zege. Tangu siku hiyo nilitembea na jembe kwenye gari. Kontrakta akiniambia kitu kiko chini ya udongo, nilimpa jembe anionyeshe. Mtu aliyefanya kazi yake vizuri hukasirika, lakini huchimba. Yule asiyechimba ameshakujibu.

Baada ya aibu hiyo, mzee mmoja wa ofisini, Mzee Mutiso, aliomba nikabidhiwe kwake anifunze. Alikuwa fundi wa mawe kabla ya kuwa mkaguzi, na mikono yake ilijua vitu ambavyo vitabu vyangu vya chuo havikuvitaja. Alinifundisha kupima mchanga kwa chupa. Unachukua chupa inayoonekana ndani, unatia mchanga nusu, unajaza maji na kijiko cha chumvi, unatikisa vizuri halafu unaiacha itulie. Mchanga unashuka chini, tope linakaa juu yake. Ukiona tope ni nene, huo mchanga wa mto haujaoshwa, na simiti haitaushika. Kontrakta anaweza kubishana nawe kutwa nzima, lakini chupa anaiona kwa macho yake.

Alinifundisha kugonga kwa nyundo na kusikiliza. Zege nzima hulia kwa sauti kavu, ya juu. Zege yenye uvungu ndani huguna. Na alinifundisha msumari wa inchi sita. Unaukwaruza juu ya zege iliyokomaa. Ukiteleza na kuacha mstari unaong'aa, nenda nyumbani ukalale. Ukichimba na kutoa unga, usiende popote.

Jambo lingine aliloniachia ni chakula. Siku moja tulifika saiti ya madarasa, tukakuta kontrakta amechinja mbuzi kwa ajili yetu. Harufu ilikuwa imejaa uwanja mzima wa shule. Mzee Mutiso akalizunguka lile jengo na nyundo yake, ukuta baada ya ukuta, polepole, mpaka nyama ikapoa. Halafu akakaa juu ya jiwe, akafungua mkebe wake wa muthokoi, mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, na kuanza kula. Kontrakta akamuuliza kama dini yake inamkataza nyama.

"Nyama naipenda sana," Mzee akasema. "Shida ni kwamba nikishiba vyako, macho yangu yanakuwa madogo."

Nilikula muthokoi siku hiyo nikiwa na uchungu, sitawadanganya.

Mambo yamebadilika, najua. Siku hizi mnapiga picha na simu, picha inaenda makao makuu kabla hujafuta jasho. Vizuri. Lakini kuna mwaka ofisi yetu ililetewa picha za vyoo vinne vya shule nne, vyote vimekamilika, vyote vimepakwa rangi. Nilizitazama zile picha kwa muda kabla sijajua kinachonisumbua. Katika kila picha kulikuwa na kuku mweupe mwenye mguu mmoja mbovu. Choo kilikuwa kimoja, kimepigwa picha pande nne. Huyo kuku alifanya kazi nzuri kuliko maofisa watatu waliopitisha zile picha. Kwa hiyo pigeni picha, lakini mwende. Picha haigongeki kwa nyundo.

Sasa niwaambie habari ya Kwa Ndolo, maana najua ndiyo mliyotaka kuuliza mkaogopa.

Kwa Ndolo ni upande wa Mwala. Watu wako ng'ambo hii ya mto, shule, zahanati na njia ya Masii ziko ng'ambo ile. Karibu mwaka mzima ule mto ni mchanga mkavu, unavuka ukizungumza. Lakini mvua ikinyesha milimani huko juu, maji hushuka ghafla hata kama unaposimama wewe kuna jua. Kulikuwa na mwanamke pale aliyeitwa Kalondu, mjane, mkulima wa ndengu na mbaazi. Binti yake alishikwa na uchungu wa kuzaa siku mto ulipojaa, wakashindwa kuvuka kwenda zahanati. Alijifungulia ukingoni, juu ya mchanga uliolowa, wanawake wakiwa wameshika leso juu yake kuzuia mvua. Mama na mtoto walipona. Mtoto wakamwita Mumbua, yaani aliyezaliwa mvua ikinyesha.

Baada ya hapo Kalondu akawa haachi mkutano wowote wa bajeti. Kila mwaka, maofisa wakija kuuliza wananchi wanataka nini, mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka na alisema jambo lile lile. Kuna mwaka ofisa mmoja alimwambia, "Mama, wewe tumeshakusikia." Akamjibu, "Kama mmenisikia, daraja liko wapi?" Mwishowe pesa zikatoka. Haikuwa daraja la juu. Ilikuwa drifti, ile sakafu nene ya zege inayolazwa mtoni ili magari yapite juu yake, na mto ukijaa maji nayo yapite juu yake, kisha yakipungua sakafu ibaki. Kalondu akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mradi.

Kontrakta, nitamwita Muli, alichelewa kuanza, halafu akakimbia. Nilikuwa Masinga siku tatu kwa mradi mwingine, na katika siku hizo tatu alimwaga zege yote bila mimi. Niliporudi nilikuta sakafu imefunikwa kwa magunia mabichi, kama mgonjwa aliyelazwa vizuri. Nilingoja ikomae siku zake zote, nikaenda na msumari.

Ulichimba. Unga ulitoka mwingi hadi nikaweza kuupuliza.

Lakini karatasi zilikuwa na habari tofauti. Mnajua kwamba kila zege inapomwagwa, kiasi chake hutiwa kwenye maboksi ya chuma, yakatoka matofali madogo ya kupelekwa maabara kuvunjwa kwa mashine, ijulikane nguvu yake. Muli alikuwa ameyapeleka ya kwake mwenyewe, na yalikuwa yamepita vizuri sana, vizuri kupita kiasi. Nikaenda maabara, nikaomba vile vipande vilivyovunjwa. Nikaviangalia ndani. Kokoto zake zilikuwa nyeusi, za buluu kidogo, zile za machimbo ya upande wa Mlolongo. Kokoto za Kwa Ndolo zilikuwa nyeupe zenye wekundu, zilizopondwa kwa nyundo na wanawake wa pale pale kutoka kilimani kwao. Nilikuwa nimekaa juu ya lile rundo mimi mwenyewe, nikinywa maji. Jiwe jeusi halikuwepo hata moja.

Nikavifunga vile vipande kwenye gazeti, nikaenda kwa Injinia, mkubwa wangu.

Nataka mjue kwamba Injinia alikuwa mtu mwema. Hakula pesa ya Muli. Alikuwa na hofu moja tu, na hofu hiyo ninyi mtakutana nayo kila mwaka: mwaka wa fedha wa serikali unafungwa mwisho wa Juni, na pesa ya mradi ambayo haijalipwa inarudi ilikotoka.

"Ndinda, zimebaki siku nne," akaniambia.

"Najua."

"Usiposaini, pesa zinarudi. Zikirudi, sijui zitatoka tena lini. Hao watu wamengoja miaka."

Nikafungua gazeti juu ya meza yake. "Hivi vipande havikutoka Kwa Ndolo."

Hata hakuvigusa. "Sijauliza vilitoka wapi. Nauliza kama utasaini."

"Sitasaini."

"Basi andika kwamba umekataa, na uandike kwa nini."

"Nimeshaandika," nikamwambia, nikampa barua.

Akaisoma yote. Akavua miwani, akasugua macho. "Umejimaliza," akasema. "Na mimi umenimaliza."

Hilo lilikuwa jepesi. Kumkatalia mkubwa kunauma kidogo, lakini unatoka pale ukijiona shujaa. Zito lilikuja kesho yake asubuhi, Kalondu alipofika ofisini kwetu Machakos na wanawake sita. Walikuwa wameondoka kwao alfajiri na vumbi lilikuwa limewafika magotini. Nikasimama. Alikuwa amenizidi umri, nikamwita kwa heshima ya mama.

"Mwaitu, keti kwanza."

"Sikuja kukaa. Tumesikia ni wewe umekatalia daraja letu."

Nikaanza kumweleza habari ya kokoto na maabara. Akanikatiza.

"Wewe unalala Machakos. Mvua ikinyesha unaisikia kwa mabati, unavuta blanketi. Mimi nikiisikia natoka nje kuhesabu watoto."

Niliwapakia wote kwenye gari la ofisi, tukaenda hadi mtoni. Nikampa msumari. Akapiga magoti juu ya ile sakafu, akakwaruza, akaangalia ule unga, akakwaruza tena mahali pengine, na pengine. Wanawake wengine walimsogelea kuutazama. Kisha akanyanyuka.

"Naona," akasema. "Hii si simiti. Lakini hata hii tutapitia, madam. Weka saini, hayo mengine tutapambana nayo sisi wenyewe."

"Na ikivunjika mtoto akiwa juu yake?"

"Na isipokuwepo, mtoto akaenda na maji, nitamuuliza nani?"

Nimestaafu sasa, na swali hilo bado natembea nalo. Nilimwambia tu kile nilichokijua. "Nikisaini, mwaitu, karatasi itasema Kwa Ndolo iko na daraja. Itasema hivyo hata hili likishakuwa mchanga. Mkienda kuomba tena mtaambiwa mlishapewa."

"Hayo ni maneno ya ofisi," akasema, akanirudishia msumari, akaanza kupanda ukingo kwa miguu. Wenzake wakamfuata. Hakuna aliyekubali kurudi na gari langu.

Pesa zikarudi. Muli alikuwa ameshalipwa sehemu ya kwanza, ile ya kuanzia kazi, akaiacha saiti, asionekane tena. Mimi nikahamishwa Masinga kulinda stoo ya mashine mbovu za barabara, greda isiyo na injini na matangi yenye kutu. Hakuna aliyeniambia ni adhabu. Waliandika ni "kwa ajili ya mahitaji ya kazi." Siku ya soko nilipita Masii, nikamwona Kalondu na magunia yake ya ndengu. Nikamsalimia. Akaendelea kupimia wateja kana kwamba ameusikia upepo tu. Nyuma yangu mtu akasema, "Ndiye huyo, Madam Msumari, aliyerudisha pesa za watu." Walicheka. Sikugeuka.

Sasa mnangoja niwaambie kwamba mvua ilikuja ikalibeba lile daraja, watu wakaniomba msamaha. Mvua hiyo haikuja. Msimu ule ilinyesha kidogo sana, na msimu uliofuata hivyo hivyo. Ile sakafu ikakaa pale, watoto wakaipita kwenda shule, punda wakaipita, bodaboda wakaipita. Kijana mmoja wa bodaboda alinipeleka mahali siku moja, akaniambia bila ubaya, "Madam, daraja lako bado linangoja saini." Nilikaa kwenye ile stoo ya Masinga nikijiuliza kama nilikuwa na haki au nilikuwa na kiburi tu. Kuna siku nilijijibu kwamba ni kiburi. Hilo hamtafundishwa popote: kwamba unaweza kufanya lililo sawa na dunia ikakaa kimya miaka miwili, na huna cha kumwonyesha mtu yeyote zaidi ya msumari na unga. Na bado singesaini. Hata siku zile nilipojiona mjinga, nilijiuliza kama ningerudishwa pale mezani ningeandika nini, na jibu lilikuwa barua ile ile.

Ilianza pembeni. Kokoto zikaanza kung'oka moja moja. Pakatokea shimo dogo, likameza gurudumu la pikipiki. Kisha siku moja lori la matofali likazama hadi ekseli, sakafu ikafunguka katikati. Hakuna aliyeumia. Hapo hata mvua haikuwa imenyesha.

Jioni ya siku hiyo simu yangu ililia. Hakunisalimu.

"Karatasi inasema nini?" akauliza. Niliijua sauti ya Kalondu.

"Karatasi gani, mwaitu?"

"Ya daraja. Inasema tuko nalo ama hatuna?"

"Inasema hamna."

Nilisikia mbuzi upande wake wa simu.

"Basi nitaenda kuomba," akasema, akakata.

Mkutano wa bajeti ulipoitishwa, alikwenda. Waliokuwepo walinisimulia kwamba ofisa alimwambia Kwa Ndolo ilishapewa zamu yake, apishe wengine. Kalondu akamwambia afungue faili. Faili likafunguliwa, ikapatikana barua yangu ikisema mradi haukukamilika na haukupokelewa. Akamwambia aisome kwa sauti, watu wote wasikie. Ofisa akaisoma. Kisha Kalondu akakataa kuketi mpaka jina la Kwa Ndolo lilipoandikwa tena kwenye orodha, na hata lilipoandikwa akabaki amesimama. Wakamuuliza anataka nini tena.

"Nataka yule wa Masinga," akasema.

Injinia wangu alikuwa ameshahamishwa na mpya hakunijua. Akakubali tu ili mkutano uishe.

Kontrakta mpya aliivunja ile sakafu yote. Tulichimba hadi mwamba, na kila mfuko wa simiti ulifunguliwa mbele yangu. Tulimwaga kwa siku tatu mfululizo. Kalondu alikuwepo zote tatu, amekaa kando na jembe lake, anatazama tu. Nilimwonyesha kidogo, kama nilivyoonyeshwa: zege ikimwagwa kwenye karai inatakiwa isimame kama ugali, ikienea kama uji ina maji mengi, na maji mengi yanaua nguvu yake.

Siku ya tatu alasiri wingu lilikuwa limejikusanya upande wa milimani. Vijana walikuwa wamechoka, miguu yangu ilikuwa imevimba, ilibaki sehemu ndogo ya pembeni. Wilbaro ya mwisho ikaja. Niliona kwamba kuna mtu alikuwa ameongeza maji ili iwe rahisi kusukuma. Niliona, sitawaficha. Nikaitazama milima, nikasema, "Mwageni."

Kalondu akasimama mbele ya wilbaro.

"Hii hapana."

"Mwaitu, ni ya pembeni tu."

"Ile ingine ilianzia wapi kuvunjika?"

Vijana wakanitazama mimi. Fundi mkuu akaniambia pole pole, "Madam, tuamulie, mvua inakuja."

"Ulininyima daraja miaka miwili," Kalondu akasema, bila kupaza sauti. "Leo hutanipatia uji."

Nikaona aibu ambayo sikuwa nimeiona tangu ujana wangu. Nikawaambia waimwage kule kichakani na wachanganye nyingine. Fundi akalalamika, vijana wakalalamika, na Kalondu akachukua beleshi akaanza kupakia kokoto yeye mwenyewe. Nami nikashika karai. Tulimaliza mvua ikianza kudondoka, tukavuta maturubai juu yake, tukasimama pale tumelowa.

Siku zilipotimia nilikagua. Matofali ya kupimia niliyatengeneza mwenyewe na kuyapeleka mwenyewe, yakavunjwa nikiona. Ndipo nikaja Kwa Ndolo na fomu, Injinia mpya akiwa nami, nikasaini juu ya ile sakafu, nimepiga magoti.

Kalondu akanyoosha mkono. "Leta hiyo."

"Unataka kuisoma, mama?" Injinia akauliza.

"Nataka kuandika."

Injinia akamweleza kwa upole kwamba fomu ina nafasi ya kontrakta, nafasi ya mkaguzi na nafasi ya injinia. Mwananchi hana nafasi.

Kalondu akaigeuza ile karatasi, akaitazama pande zote. "Hapa pembeni ni peupe," akasema. Akachukua kalamu yangu, na kwa herufi kubwa, moja baada ya nyingine, akaandika jina lake kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa ukingo ulikuwa mwembamba.

Makao makuu wakairudisha. Waliandika kwamba fomu imechafuliwa, ijazwe nyingine safi. Kontrakta akaja kwangu ananisihi, maana alikuwa anangoja malipo yake, na nilimwonea huruma kwa sababu alikuwa amefanya kazi nzuri. Nikairudisha ile ile, na barua ya mstari mmoja: haijachafuliwa, imesainiwa na mwenye daraja. Wakairudisha tena. Nikaituma tena. Injinia mpya akaniuliza nataka kustaafu vipi, kwa amani au kwa barua ya kufukuzwa. Nikamwambia nitaangalia.

Mara ya nne ilipigwa muhuri, na jina likiwa pale pembeni, limepinda kidogo kwenye herufi ya mwisho.

Ninyi fomu zenu mtazijazia kwenye simu. Nimeziona. Hazina pembeni peupe popote, visanduku tu, na kila kisanduku kina mwenyewe. Mtafuteni Kalondu wa mahali mtakapotumwa, halafu mtafute mahali pa kumwandika.